Wakili wa Springfield na Ardhi ya Baba Yake

Jina la Abraham Lincoln lajulikana kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kwa tangazo la mwaka 1863 la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Habari hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, nasi hatuna nia ya kuzirudia. Twapenda kumzungumzia Lincoln mwingine, yule ambaye majirani zake walimjua: wakili wa mji mdogo, aliyetafuta riziki yake mahakamani kwa muda wa karibu miaka 25 kabla ya kuwa Rais. Na kwa kuwa kazi ile aliichagua katika ukoo ambao sheria ilikuwa imekwisha kuutendea mengi, yatubidi tuanzie kwa babu.

Babu yake naye aliitwa Abraham Lincoln. Alihama kutoka Virginia akaenda kujipatia ardhi Kentucky, nchi iliyokuwa ya wenyeji wa asili kabla ya walowezi kuingia. Mwaka 1786, alipokuwa akifanya kazi shambani pamoja na wanawe, alipigwa risasi na wenyeji hao akafa. Mwanawe mdogo, Thomas, alikuwa karibu na maiti ya babaye, na mmoja wa washambuliaji alipomkaribia, kaka mkubwa aitwaye Mordecai alimpiga risasi mtu huyo akamwokoa nduguye. Mordecai huyo huyo ndiye aliyerithi ardhi. Marehemu hakuacha wosia, na sheria ya Virginia iliyotumika huko wakati ule ilimpa mwana wa kwanza ardhi ya baba aliyekufa bila wosia. Twamwomba msomaji aukumbuke wosia huo usioandikwa.

Basi Thomas alikua akiwa kibarua katika mashamba ya watu. Alijifunza useremala, na kuandika hakujua ila jina lake, tena kwa taabu. Mwaka 1806 alimwoa Nancy Hanks, na mtoto wao wa pili, Abraham, alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo karibu na Hodgenville. Wengi husikia habari ya kibanda hicho wakadhani Thomas alikuwa fukara asiye na kitu. Sivyo. Katika Kentucky alipata kuwa na mashamba matatu kwa nyakati mbalimbali. Taabu yake haikuwa uvivu, bali hati.

Ardhi ya Kentucky haikupimwa na serikali kabla ya kuuzwa. Kila mlowezi alijipimia au alitafuta mtu wa kumpimia, mpaka ukatajwa kuwa ni mti fulani, kijito fulani, au jiwe fulani. Mti ukianguka, mpaka nao umeanguka. Shamba moja liliweza kuwa na wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Thomas alipata hasara katika shamba la kwanza kwa sababu ya makosa ya vipimo. La pili, ambalo Abraham alizaliwa, likaingia katika madai ya watu wengine. Na la tatu akashtakiwa ili aondolewe. Mwishoni mwa mwaka 1816 alifunga mizigo, akaivusha jamaa yake hadi Indiana, mahali ambapo serikali ilipima ardhi kwanza, kisha ikaiuza dola 2 kwa eka moja. Thomas alikuwa pia hapendi utumwa, kwa kuwa kanisa lake liliupinga. Lakini mwanawe alieleza baadaye kwamba sababu kubwa ya kuhama ilikuwa ugumu wa hati za ardhi.

Huko Indiana mauti yaliwafuata. Mwaka 1818 Nancy alikufa kwa ugonjwa uliotokana na maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu, na Abraham alikuwa na umri wa miaka tisa. Mwaka uliofuata Thomas alirudi Kentucky akamwoa mjane, Sarah Bush Johnston, mwenye watoto watatu. Mama huyu wa kambo aliwalea yatima wale kama wake mwenyewe, na alipoona kijana anapenda vitabu alimwachia asome. Baba hakufurahishwa sana na mtoto mwenye kitabu mkononi wakati miti inangoja shoka. Zaidi ya hayo, alimkodisha kwa majirani, na ujira aliupokea yeye baba, kama sheria ilivyomruhusu mpaka mtoto atimize miaka 21. Shuleni Abraham hakukaa hata mwaka mmoja, ukizijumlisha siku zote.

Walihamia Illinois mwaka 1830, na mwaka uliofuata kijana akaagana na babaye akaenda New Salem, kijiji kidogo kando ya mto Sangamon. Aliajiriwa dukani, akafungua duka lake na mwenziwe, duka likafa, na mwenziwe naye akafa, akamwachia deni lililozidi dola 1,000. Alichukua miaka mingi kulilipa. Mwaka 1833 alipewa kazi ya posta, kisha akawa mpima ardhi msaidizi. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Mwana wa Thomas Lincoln, aliyemwona babaye akitupwa nje kwa ajili ya vipimo vibovu, sasa yeye mwenyewe anatembea msituni na mnyororo wa kupimia, akiweka mipaka ya watu. Kutoka kazi hiyo hadi uwakili hapakuwa mbali. Alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo mwaka 1834, akaazimwa vitabu vya sheria na wakili John Todd Stuart, akajifundisha peke yake, na mwaka 1836 akapata idhini ya kufanya kazi ya uwakili.

Aprili 1837 alihamia Springfield, mji wenye matope mengi na watu wasiofika elfu mbili, uliokuwa umechaguliwa kuwa makao makuu mapya ya jimbo. Alifanya kazi kwanza na Stuart, halafu na Stephen Logan, na tangu mwaka 1844 na William Herndon, kijana ambaye aligawana naye malipo nusu kwa nusu. Mwaka 1842 alimwoa Mary Todd, binti wa mwenye benki wa Lexington, Kentucky, aliyelelewa katika nyumba yenye watumwa. Walinunua nyumba kwa dola 1,200 pamoja na kiwanja kimoja, wakapata wana wanne, na mmoja wao, Edward, akafa mwaka 1850 kabla ya kutimiza miaka minne.

Kazi yenyewe haikuwa ya fahari. Mara mbili kila mwaka jaji na mawakili walitoka Springfield kwa farasi au kwa gari la kukokotwa, wakazunguka wilaya hadi wilaya kwa majuma mengi. Walilala wawili wawili kitanda kimoja katika nyumba za wageni, na asubuhi wakapingana mahakamani. Kesi zilikuwa za madeni, mipaka, nguruwe waliopotea, matusi. Malipo ya kawaida yalikuwa kati ya dola 5 na 20. Barua na hati muhimu Lincoln aliziweka ndani ya kofia yake ndefu. Hata hivyo, alipoitetea kampuni kubwa ya reli ya Illinois Central katika kesi ya kodi akashinda, alidai dola 5,000. Kampuni ilipokataa, aliishtaki yenyewe mwaka 1857 akalipwa.

Sasa twafika mahali pagumu. Mwaka 1841, mbele ya mahakama kuu ya jimbo, Lincoln alimtetea mtu aliyekataa kulipa deni la kumnunua msichana mweusi aitwaye Nance. Alishinda, na mahakama ikaamua kwamba katika Illinois kila mtu huhesabiwa kuwa huru, bila kujali rangi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka sita baadaye, katika wilaya ya Coles, alisimama upande wa pili. Robert Matson, mwenye watumwa wa Kentucky, alitaka arudishiwe Jane Bryant na watoto wake wanne, waliomkimbia kwa kuogopa kuuzwa na ambao waliwekwa gerezani. Lincoln alikuwa mmoja wa mawakili wa Matson. Alishindwa, na Jane na wanawe wakawa huru. Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba wakili wa siku zile alimpokea yeyote aliyetangulia kubisha hodi. Desturi hiyo ilikuwapo kweli. Lakini hapakuwa na mtu aliyemlazimisha, nasi hatuoni haja ya kulifunika jambo hili kwa sababu tu ya mambo makubwa aliyoyafanya baadaye.

Wilaya hiyo ya Coles ndiyo aliyoishi babaye. Mwaka 1841 Lincoln alinunua kwa Thomas eka 40 kwa dola 200, na katika hati akaandika kwamba baba na mama wa kambo watazitumia maisha yao yote. Safari hii hapakuwa na mti wala jiwe la kubishaniwa. Lakini mapenzi kati yao hayakurudi. Mzee alipougua, mwana alijibu barua za nyumbani kwa kusema kwamba huenda kuonana kungewatia uchungu zaidi ya furaha. Tena mkewe alikuwa amejifungua karibuni na hajiwezi. Thomas alikufa Januari 1851, na mwanawe hakufika mazikoni. Mwaka 1853 alipozaliwa mtoto wa nne, alimwita Thomas.

Kwa watu wa New Salem alikuwa mwepesi zaidi. Mjane Hannah Armstrong, aliyemlisha na kumshonea nguo zamani, alikuwa na mwana aliyeshtakiwa kwa kuua. Katika kesi hiyo ya mwaka 1858 shahidi alidai ameona yote kwa mwanga wa mbalamwezi usiku wa manane. Lincoln akaleta kalenda iliyoonyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini, karibu kutua. Kijana akaachiwa, na mjane hakutozwa kitu.

Alipochaguliwa Rais alikwenda kwanza Coles kumwaga mama yake wa kambo, akalizuru na kaburi la baba, kisha Februari 1861 akaondoka Springfield. Alirudishwa Mei 1865 ndani ya jeneza, baada ya kupigwa risasi Washington. Mpekuzi wa karatasi zake alikuwa rafiki yake David Davis, yule jaji waliyezunguka naye wilaya zile miaka mingi. Wakili huyu aliyewaandikia watu hati nyingi hakuacha wosia. Lakini sheria ya mwana wa kwanza ilikuwa imekwisha kufutwa zamani. Davis aliikusanya mali yote, zaidi ya dola 110,000, akaigawa mafungu matatu sawa: moja la Mary, moja la Robert, na moja la Thomas mdogo.