Siti binti Saad: Kutoka Mtumwa wa Fumba hadi Jina la Jarida

Mtoto wa kike aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake ya Uzigua, na jina hilo lilieleza bila kuficha mahali pa familia ile katika jamii ya Unguja ya wakati huo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Mtumwa binti Saad basi alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali kabla jina lake halijaanza kupitwa na wakati.

Kazi aliyoijua ni ile ya mama yake, yaani ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akajitwika na kwenda navyo kwa miguu hadi mjini, huku akiita wanunuzi kwa sauti. Inasemekana sauti hiyo ilitangulia kufika kabla ya vyungu, na watu wakawa wanamtambua kabla hawajamwona. Ni jambo dogo, lakini lafaa kukumbukwa na yeyote anayemfikiria Siti kuwa zao la kasri: shule yake ya kwanza ilikuwa barabara na mzigo wa kichwani.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhammed, mwanamuziki aliyetambua kipaji chake, akamfunza kuimba, kupiga udi na kuisoma Kurani kwa mahadhi yanayostahili. Baadaye aliungana na wanaume waliokuwa mafundi wa ala, miongoni mwao Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kupitia kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, nayo ilikuwa burudani ya wakubwa iliyoimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Tendo hilo moja lilitosha kuutoa muziki ule barazani mwa mabwana na kuufikisha Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi wachukuzi, wavuvi, mafundi na wajukuu wa watumwa. Wakubwa nao hawakuacha kumwalika. Ndipo jina la Mtumwa likaanguka na pahali pake likaja Siti, neno la Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye hadhi.

Si wote waliofurahia mabadiliko hayo. Ulitungwa wimbo wa kumkejeli, ukiuliza tangu lini amekuwa mtu, ukakumbusha kaniki aliyoivaa alipotoka shamba. Wapinzani walisema pia kwamba hana sura. Siti alijibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi ya mafumbo ya taarabu, kwamba uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo si hoja mbele ya akili na tabia njema. Majibizano haya si porojo za waimbaji. Katika jamii ambamo thamani ya mwanamke ilipimwa kwa nasaba na umbo, mwanamke asiyedai lolote kati ya hayo mawili alikuwa amekataa mizani yenyewe.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, Uhindi, wakarekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya HMV. Santuri zilizotokana na safari hiyo ziliuzwa kote katika Afrika ya Mashariki, na sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikasikika katika mikahawa ambayo mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Nguvu ya santuri katika miaka hiyo haikuishia pwani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, aliwarekodi wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Kericho. Chemutoi Ketienya aliyeongoza wimbo huo alibaki jina tu katika lebo kwa miongo mingi. Siti, kwa bahati au kwa ukaidi wake, alipata mwandishi.

Kabla ya kumfikia mwandishi huyo, yafaa kuutaja wimbo wa Kijiti. Ulihusu kisa cha kweli: mgeni wa kike, mjamzito, aliyetoka Dar es Salaam, aliuawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Mwuaji akatorokea bara, nao wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao. Siti aliwaimbia wasikilizaji ambao hawakuwa na gazeti la kuwatetea. Msomaji wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet hatakiona kisa hicho kuwa cha mbali, hasa baada ya Februari 2023, uchunguzi wa BBC ulipowaonyesha vibarua wa kike wa mashamba ya chai wakieleza jinsi wasimamizi walivyodai miili yao kabla ya kuwapa kazi.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amewahi kukutana naye na kumhoji, na wasifu alioutunga ulichapishwa mwaka 1958. Kitabu hicho kina nafasi ya pekee katika kazi zake. Katika Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951, wajumbe wanaotumwa kutafuta maarifa ni wanaume, mshtakiwa ni mwanamume, mshtaki ni mwanamume. Nchi nzima inaelea angani kana kwamba haina akina mama. Katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952 yupo Huria, mwenye nguvu na uamuzi, lakini ni binti wa mfalme wa majini. Mwanamke wa udongo, mwenye jasho na mzigo wa vyungu, alimjia Shaaban si kwa njia ya ubunifu bali kwa njia ya maisha halisi.

Hata hivyo, alimwandika kwa kalamu ile ile ya maadili. Siti wake ni mvumilivu, mcha Mungu, mkarimu, kielelezo cha kuigwa. Wahakiki wenye mwelekeo wa kifeministi wanaweza kulalamika, na si bila sababu, kwamba mwanamke anayesifiwa kwa subira kupita kiasi hunyang'anywa hasira yake. Lakini kumpa binti wa watumwa wasifu mzima, wakati ambapo wasifu ulikuwa heshima ya masultani na wamisionari, halikuwa jambo jepesi.

Hasira hiyo ilirejeshwa na jarida. Mwaka 1987 wanahabari wanawake wa Tanzania, Fatma Alloo akiwa miongoni mwa waasisi, waliunda chama cha TAMWA, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa jarida waliloliita Sauti ya Siti. Majarida mengi ya wanawake yauzwayo mijini humkaribisha msomaji kwa uso uliorembwa jaladani, kisha humuuzia mafuta ya kumfanya aufanane. Hili lilichukua jina la mwanamke aliyesutwa kwa kukosa uso mzuri, tena likachagua sauti yake. Kurasa zake ziliandika kuhusu ubakaji, vipigo vya nyumbani na wasichana waliofukuzwa shule kwa sababu ya mimba, mambo ambayo riwaya kongwe ziliyagusa kwa mbali au ziliyageuza kuwa fundisho kwa msichana mwenyewe. Siti wa Shaaban alistahimili. Siti wa jarida alishtaki.

Wanahabari hao hao walikuwa miongoni mwa walioshinikiza mabadiliko ya sheria, na mwaka 1998 Bunge la Tanzania likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, miaka 48 baada ya mwimbaji wa Kijiti kuzikwa.