Babu: Hukumu ya kifo kwa mtu asiyekuwapo

Wengi wanamjua Abdulrahman Mohamed Babu kwa siasa zake. Alikuwa katibu mkuu wa Hizbu, akajitoa na kuasisi Umma Party mwaka 1963, kisha akawa Waziri wa Mambo ya Nje baada ya Mapinduzi. Hayo yameandikwa sana. Mimi leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame Babu mshitakiwa.

Mara ya kwanza ilikuwa 1962, Mwingereza angali anatawala Unguja. Babu alishitakiwa kwa uchochezi, kesi ikasikilizwa, akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Sisemi kwamba ilikuwa haki, maana mkoloni alikuwa akimwogopa. Lakini kosa alisomewa na siku ya kutoka aliijua.

Serikali yake mwenyewe haikumpa hata hayo. Mzee Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Babu alikuwa ameshaondolewa katika uwaziri tangu Februari na alikuwa Bara. Akakamatwa, akatiwa kizuizini chini ya sheria ya 1962 iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu ndani bila ya kumfikisha mbele ya hakimu.

Kesi ilifunguliwa Unguja Mei 1973, washitakiwa wakiwa 81. Babu na wenzake 17 waliokuwa wamezuiliwa Bara hawakuletwa, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alikataa kuwatoa. Wakashitakiwa hivyo hivyo, hawapo. Mahakama yenyewe ilikuwa ile ya Wananchi, ambayo wakili haruhusiwi kuingia. Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, ndiye aliyeendesha mashitaka, na huyo huyo ndiye aliyetakiwa kuwasemea washitakiwa! Ushahidi mkubwa ulikuwa maungamo, na baadhi ya walioungama waliyakana maneno yao wakasema waliteswa. Anayejua fiqhi kidogo tu anafahamu kuwa dai ni juu ya mdai kulithibitisha, na kwamba ungamo la kulazimishwa halimfungi mtu. Mei 1974 watu 34 walihukumiwa kifo, Babu akiwa mmoja wao. Hukumu ilimkuta jela Bara, bila ya kuulizwa swali hata moja na waliomhukumu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenzi wa Babu hawapendi kulisikia. Sheria ile ya kizuizini haikuanza na yeye. Sheikh Ali Muhsin, kiongozi mwenziwe wa zamani katika Hizbu, na Mohamed Shamte, aliyekuwa Waziri Mkuu, walichukuliwa baada ya Mapinduzi wakafungwa Bara bila ya kesi. Ali Muhsin alikaa miaka kumi. Muda mwingi wa miaka hiyo Babu alikuwa waziri, anakaa katika baraza moja na wenye funguo za jela. Mahakama za Wananchi nazo zilipoundwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 60, alikuwa bado serikalini Bara. Naamini wengi waliokaa kimya wakati ule walidhani milango ile imewekewa maadui tu.

Babu aliachiwa Aprili 1978, baada ya miaka sita, bila ya mahakama yoyote kumsikiliza. Akaenda kusomesha Marekani, kisha akaishi London akiandika na kuzitetea haki za wananchi kwa ukali ambao, kwa maoni yangu, jela ndiyo iliyomfundisha.

Mawakili walirudi mahakamani Zanzibar katika miaka ya 80, na Katiba ya 1984 ikatamka kwamba mtuhumiwa asihesabiwe mkosa mpaka ithibitike. Pamoja na hayo, masheikh wa Uamsho walipelekwa Bara wakakaa rumande miaka, mpaka mashitaka yalipofutwa Juni 2021, na kesi haikufika mwisho.

Babu alifariki London tarehe 5 Agosti 1996. Akaletwa nyumbani, akazikwa Unguja, kisiwa kile kile kilichomhukumu kifo hayupo.