TAKASHI NAGAI, DAKTARI WA NAGASAKI

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia alitufunza habari za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kisha akatuuliza tungefanya nini kesho yake iwapo tungesikia kwamba mji wa jirani umeteketezwa wote kwa bomu moja tu. Darasa likageuka soko! Huyu akasema angekimbilia ushago kwa nyanya, yule akasema angejificha chini ya dawati. Mimi nilinyamaza. Jibu nililipata baadaye maktabani, katika maisha ya daktari Mjapani aitwaye Takashi Nagai. Yeye alienda kazini.

Nagai alizaliwa mwaka wa 1908 mjini Matsue, babake akiwa daktari. Mnamo 1928 alijiunga na chuo cha udaktari cha Nagasaki, na baadaye akapata chumba kwa familia ya Moriyama katika mtaa wa Urakami. Mababu wa watu wa Urakami walikuwa Wakristo walioificha dini yao kwa zaidi ya miaka 200, kwani aliyepatikana aliadhibiwa vikali, hata kuuawa. Nagai hakuwa na habari na Mungu alipoingia chuoni. Kifo cha mamake mwaka wa 1930 kilimtikisa, akaanza kutafuta. Mwaka wa 1934 alibatizwa, na mwaka uo huo akamwoa Midori, binti wa nyumba ile.

Maradhi yalikuwa yameharibu sikio lake moja, na daktari asiyesikia vyema atapimaje mapigo ya moyo? Akageukia kazi ya eksirei. Siku hizo kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza Wajapani. Vita vilipopamba moto filamu za picha zikaadimika, basi Nagai akawa anawatazama wagonjwa moja kwa moja kwenye mashine, wengi ajabu kila siku, miale ikimpiga yeye pia. Mwaka jana nilimsindikiza mamangu kupigwa picha ya kifua. Niliona mhudumu akikimbilia nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza, nikacheka kimoyomoyo nikidhani ni mwoga. Kumbe! Mwezi wa Juni 1945 Nagai aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akaambiwa amebakisha kama miaka mitatu. Kumbuka, bomu lilikuwa bado.

Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikaangamia. Nagasaki habari zilifika vipande vipande. Magazeti yalitaja tu bomu la aina mpya, bila kueleza ni kitu gani. King'ora kikilia watu waliingia mahandakini, kikinyamaza walirudi viwandani na jikoni. Wangefanya nini zaidi? Nagai na mkewe walikuwa wamewapeleka watoto wao wawili, Makoto wa miaka 10 na Kayano aliyekaribia 4, kwa nyanya yao milimani. Midori alibaki na mumewe. Asubuhi ya tarehe 8 Nagai alitoka kwenda zamu, kufika njiani akakumbuka amesahau chakula chake. Aliporudi alimkuta Midori mlangoni akilia. Usiku huo alilala hospitalini. Hawakuonana tena.

Kesho yake ndege ya Marekani ililenga mji wa Kokura, lakini rubani hakuuona vizuri kwa mawingu na moshi, akageukia Nagasaki. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu likalipuka juu ya Urakami. Kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 74,000 walikuwa wamekufa.

Hospitali ilikuwa mita 700 hivi kutoka hapo. Vioo vilimkata Nagai mshipa wa kipajini, damu ikawa inaruka. Alifungwa kitambaa, akaendelea kuwatoa wagonjwa motoni na kuwatibu mpaka akazirai. Hakwenda nyumbani siku hiyo wala siku iliyofuata. Msomaji, hapa nilifunga kitabu kidogo. Sijui kama ningeweza. Tarehe 11 alipofika, nyumba ilikuwa majivu. Mahali palipokuwa jikoni alikuta mifupa iliyoungua, na karibu yake rozari ya Midori. Aliiokota mifupa, akaitia ndooni.

Baadaye aliongoza wenzake vijijini kutibu majeruhi kwa karibu miezi miwili. Uvumi ulienea kwamba Urakami hapataota kitu kwa miaka 75. Nagai hakubishana na mtu, aliinama akatazama ardhi. Baada ya wiki tatu aliona sisimizi, baada ya mwezi nyungunyungu. Basi akarudi kuishi palepale, na wengine wakarudi. Waliifukua kengele ya kanisa kifusini, na mkesha wa Krismasi 1945 ikalia.

Jambo moja sikubaliani naye. Katika misa ya marehemu mwezi wa Novemba 1945 alisema Urakami ilichaguliwa na Mungu iwe sadaka ya kumaliza vita. Wajapani wengi walimpinga, na mimi nasimama nao. Bomu lilitupwa na watu. Ila huenda aliyebeba mifupa ya mkewe ndooni alihitaji neno la kushikilia, nami sijabeba.

Toka 1946 hakuweza kutembea. Akiwa amelala chali aliandika vitabu. Kile cha Kengele za Nagasaki kilizuiliwa na Wamarekani waliotawala Japani. Kikatoka 1949, baada ya kuunganishwa na maelezo ya ukatili wa askari wa Japani mjini Manila. Pesa alizopata alinunulia miche 1,000 ya micheri, ikapandwa Urakami.

Wengu lake lilikuwa limevimba mno, kugongwa kidogo tu lingepasuka. Kayano alikatazwa kumkumbatia. Basi akidhani babake amelala, alinyemelea na kuweka shavu lake kwenye la babake. Nagai alikuwa macho, lakini hakufumbua.

Aliaga dunia tarehe 1 Mei 1951, akiwa na miaka 43. Alizikwa kando ya Midori. Kibanda alimoishi na watoto hao bado kipo Urakami. Ukubwa wake ni mikeka miwili ya Kijapani, yaani karibu mita tatu na nusu za mraba. Nilipima darasani kwetu: ni nafasi ya madawati manne tu.