Mtafuta Mbegu wa Urusi

Mwaka 1996 kutu ya soya ilionekana nchini Uganda. Ni ugonjwa wa kuvu: madoa madogo ya rangi ya kahawia huenea chini ya majani, kisha majani hupukutika kabla maganda hayajajaa. Dawa ya kunyunyizia ipo, lakini mtu wa jembe la mkono ataipatia wapi fedha? Nafuu ilikuja mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walipotoa mbegu iitwayo Maksoy 1N, iliyoweza kuistahimili kutu hiyo.

Mbegu za namna hii hazizuki tu. Ndiyo maana twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Nikolai Vavilov, Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1887, ambaye maisha yake yote aliyatoa katika kuzitafuta.

Baada ya masomo ya kilimo alikwenda Uingereza mwaka 1913, akajifunza kwa William Bateson na kwa Rowland Biffen wa Cambridge. Biffen alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1905 kwamba ngano hurithi nguvu ya kuishinda kutu ya manjano, tena kwa kanuni zile zile alizozivumbua mtawa Gregor Mendel kwa njegere za bustani ya monasteri yake huko Brno. (Si vibaya wakulima wetu wakikumbuka kwamba elimu hii ilianzia katika tuta la njegere.) Vavilov aliirudisha elimu hiyo kwao, na mwaka 1919 akatoa kitabu juu ya kinga ya mimea.

Aliamini kwamba mahali ambapo mmea na ugonjwa wake vimekaa pamoja kwa maelfu ya miaka, iliyo dhaifu imekwisha kufa, na iliyosalia ina kinga. Basi mwenye kutaka kinga na aende katika makao ya kale ya mmea. Naye alikwenda. Mwaka 1924 alivuka milima ya Afghanistan. Mwaka 1927 alikuwa Habeshi, akapokewa na Ras Tafari, aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, kisha akasafiri na msafara wa nyumbu akikusanya ngano, shayiri, dengu na njegere katika mashamba ya wakulima. Mwaka 1929 alifika China, Japani na Korea, pande za asili ya soya. Hata leo nasaba kadhaa za soya zenye kinga ya kutu zimepatikana katika mbegu zilizotoka Asia. Ghala lake mjini Leningrad lilikuwa na aina za mbegu zipatazo 250,000.

Lakini Trofim Lysenko, mtu aliyependwa na Stalin, aliikana elimu ya Mendel na kuahidi mavuno ya upesi. Vavilov hakukubali kusema uongo. Mwezi wa Agosti 1940 alikamatwa akiwa safarini kukusanya mbegu. Mwaka 1941 alihukumiwa kufa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, mji ule ule alioanza kufundisha akiwa profesa mwaka 1917. Alikuwa na miaka 55, na mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na njaa.

Siku hizo majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameuzingira mji wa Leningrad, na watu walikufa njaa kwa mamia ya maelfu. Wasaidizi wake walikaa katika ghala wakilinda magunia na pakiti za chakula, wasile. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, alifia mezani pake. Dmitri Ivanov alikufa huku mpunga aliokabidhiwa ungalipo mzima.

Hukumu ya Vavilov ilifutwa mwaka 1955. Mji huo sasa waitwa tena St. Petersburg, na mbegu zingali humo, katika taasisi yenye jina lake.