Walter Rodney: Mwalimu wa Mlimani

Wapo kati yetu wanaomhurumia mwenzetu aliyebaki chuo kikuu kufundisha, wakidhani amekosa cheo serikalini. Maisha ya marehemu Dkt. Walter Rodney yanatufundisha vingine.

Marehemu alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi, 1942. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alipata shahada ya historia Jamaika mwaka 1963, na udaktari London mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24 tu. Mwaka huo huo alikuja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alikwenda kufundisha Jamaika, ambako alitoka nje ya darasa akawafundisha historia ya Afrika watu wa mitaa ya kimaskini. Oktoba mwaka huo serikali ya huko ilimpiga marufuku kuingia nchini. Mwaka 1969 akarudi Mlimani, akakaa hadi 1974.

Hapo ndipo kazi ilipomnogea. Alifundisha darasani, akajadiliana na wanafunzi nje ya darasa, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilichapishwa London na hapa hapa Dar es Salaam.

Sisi wa Iringa na Mbeya tuna sababu zaidi ya kumkumbuka. Babu zetu wengi, hasa wa upande wa Njombe, walikwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Rodney aliona kwamba jasho la watu hao ni historia inayostahili utafiti wa chuo kikuu. Aliandika juu ya vibarua hao wa mkonge pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, na kazi hiyo ikatoka mwaka 1983, yeye akiwa ameshafariki.

Mwaka 1974 alirejea kwao kushika uprofesa wa historia, lakini serikali ikazuia uteuzi huo. Hakuwa na ofisi wala mshahara wa chuo, hata hivyo aliendelea na utafiti juu ya wafanyakazi wa Guyana, huku akipigania haki zao katika siasa. Tarehe 13 Juni, 1980, aliuawa kwa bomu akiwa na miaka 38. Kitabu chake juu ya wafanyakazi hao kilitoka mwaka uliofuata. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ilieleza kuwa dola ilihusika na kifo chake.

Basi cheo alinyang'anywa, kazi hakunyang'anywa.

Leo vyuo vikuu vimetufikia nyumbani. Iringa ipo Mkwawa, chuo kikuu kishiriki tangu 2005. Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 2012. Wazee waliokwenda Tanga miaka ya 1950 wamebaki wachache sana. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amkutanishe na mwalimu kijana wa historia, mapema.