Said bin Jubair, Mwanachuoni Aliyeupa Ubao Kisogo

Miongoni mwa Tabiina, yaani Waislamu waliokutana na Masahaba wa Mtume (S.A.W.), Said bin Jubair ni katika walio wakubwa. Alizaliwa kiasi cha mwaka 665, akawa mtu wa Kufa katika nchi ya Iraki. Hakuwa Mwarabu kwa nasaba. Alikuwa maula wa Bani Asad, na rangi yake nyeusi. Elimu aliipokea kwa Abdallah bin Abbas na Abdallah bin Umar, akabobea katika tafsiri na fikihi, hata watu wa Kufa walipomwendea Ibn Abbas kutaka fatwa, yeye aliwastaajabia kumwacha Said kwao wakaja kumwuliza yeye.

Jambo moja katika habari zake huwashangaza wengi. Imamu Shafi amepokea kuwa Said alikuwa akicheza sataranji hali ameupa ubao kisogo. Huuliza mwenziwe amecheza nini, na akiisha kuambiwa, huamrisha kete yake iende mahali fulani. Basi yeye ni katika watu wa mwanzo wanaotajwa na tarikhi kwa ustadi huu. Baada yake, mwaka 1266, mtu aliyeitwa Buzecca, ambaye Wataliana walimtaja kuwa ni Msarasini, yaani Muislamu, alicheza mjini Florence na watu watatu kwa pamoja, wawili kati yao bila ya kutazama ubao. Akashinda michezo miwili na wa tatu ukaenda sare. Na mwaka 2016 Timur Gareyev alicheza hivyo na watu 48 huko Las Vegas, Marekani.

Huenda msomaji akadhani kuwa watu hawa wana picha ya ubao ndani ya macho yao. Mfaransa Alfred Binet, aliyewachungua wachezaji wa namna hii na kutoa kitabu chake mwaka 1894, aliona kuwa wengi wao hawaoni picha kamili; hushika maana ya mchezo, kete ipi yalinda na ipi yatisha. Mwaka 1973 Wamarekani Chase na Simon walizidi kulithibitisha. Bingwa akionyeshwa kwa sekunde tano kete za mchezo wa kweli, huzirudisha mahali pake kwa wingi kuliko mwanagenzi. Lakini kete hizo zikitawanywa ovyo, bila ya maana, ubora wake karibu wote hutoweka. Kumbe hifadhi yake imesimama juu ya ufahamu.

Na akili hiyo ya Said haikuwa ya mchezo tu. Hajjaj bin Yusuf, liwali wa Iraki, alimfanya kadhi wa Kufa; watu wakanung'unika kuwa ukadhi haumfai ila Mwarabu, naye Hajjaj akamweka Abu Burda, akamwamuru asikate hukumu bila ya shauri la Said. Lakini dhulma ilipozidi, Said alitoka pamoja na wasomi wa Qurani katika jeshi la Ibn al-Ashath. Jeshi hilo lilivunjika, naye akaishi kwa kujificha miaka mingi. Mwishowe alikuwa Makka, na aliposhauriwa kukimbia tena alikataa, kwani alikwisha kumwonea haya Mola wake kwa kukimbia. Liwali wa Makka akamkamata, akampeleka kwa Hajjaj, na mwaka 714 akauawa. Hajjaj naye hakukaa. Alikufa mwaka huo huo.

Sisi hatuandiki haya ili mabaraza yajae sataranji. Katika madhehebu ya Shafi mchezo huu ni makuruhu, na ukiingia kamari au ukapitisha wakati wa sala ni haramu. Tuna mambo mawili ya kuyatia moyoni. La kwanza, waliomkataa Said kwa nasaba yake walikosa haki, na ugonjwa huo haujatutoka katika miji yetu. La pili, watoto wetu huhifadhi juzuu nzima wala wasijue neno moja lasema nini. Kuhifadhi Qurani ni thawabu kubwa, wala hatuipunguzi. Lakini ikiwa hata kete za mti hushikwa kwa kufahamiwa, Maneno ya Mwenyezi Mungu yastahiki zaidi. Basi kila mzazi na amtake mwalimu amfundishe mwanawe maana pamoja na herufi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Said bin Jubair, na atujaalie kufuata elimu yake na uthabiti wake. Amin.