Henry Wallace: Aliyelipima Hindi kwa Shamba, Si kwa Macho

Wahenga wetu wa pwani wametuachia onyo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Onyo hili hutajwa sana katika mambo ya posa na ndoa, lakini leo nataka kulipeleka upande mwingine, upande wa mali na elimu. Nitamsimulia ndugu msomaji habari za mtu aliyelielewa onyo hilo tangu ujana wake, akatajirika kwalo, kisha ukubwani akalisahau mara mbili, na mara zote mbili akaaibika. Mtu huyo ni Henry Agard Wallace, Mmarekani, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa nchi yake, na aliyefariki dunia mwaka wa 1965.

Pengine msomaji atauliza, Wallace na sisi wapi na wapi? Jibu limo siniani. Sima tunayoisonga Mombasa, Malindi na Lamu, unga wake mwingi ni wa mahindi ya bara, na katika nchi zinazosifika kwa mahindi hakuna zinazozipita Kitale na Bungoma. Nchi hizo si ngeni kwa watu wetu, kwani katika karne ya 19 misafara ya pwani ilikuwa ikipita huko. Lakini mahindi ya huko leo si yale ya zamani. Ni mahindi chotara, na ukiifuata nasaba ya elimu yake hatua kwa hatua, utafika mpaka jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, kwenye nyumba ya akina Wallace.

Tena kuna sababu ya pili. Siku hizi vijana wetu hutoka vyuoni na uvumbuzi mkononi: huyu ana mbegu, huyu ana dawa ya mifugo, huyu ana mashine. Wanabisha hodi kwa wenye mitaji. Mwenye mtaji naye si mtaalamu. Atajuaje kuwa kitu anachoonyeshwa ni hindi lenye mavuno au ni mkakasi? Maisha ya Wallace ni darasa nzuri katika jambo hilo.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba, 1888, katika shamba huko Iowa. Babu yake alikuwa kasisi na mwandishi, mwasisi wa gazeti la wakulima lililojulikana sana katika majimbo yale. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa kilimo, na baadaye Waziri wa Kilimo wa Marekani. Henry alipokuwa mtoto mdogo, nyumbani kwao alikuwa akija kijana mmoja Mweusi aliyezaliwa utumwani, akisoma na kufundisha katika chuo cha Ames. Kijana huyo ni George Washington Carver, ambaye baadaye jina lake lilienea ulimwenguni kwa utafiti wa njugu. Carver alikuwa akimchukua mtoto yule matembezini, akimwonyesha majani na maua na jinsi mmea mmoja unavyotofautiana na mwenzake. Wallace hakuusahau wema huo maisha yake yote.

Wakati ule wakulima wa Iowa walikuwa na maonyesho ya mahindi. Mahindi hupangwa juu ya meza, waamuzi wakayatazama urefu, unyoofu wa mistari na usawa wa punje, kisha lililo zuri kuliko yote likapewa tuzo na kuuzwa kwa bei ya juu ili liwe mbegu. Aliyeongoza mafunzo hayo alikuwa Profesa Perry Holden, mtu aliyeheshimiwa sana. Mwaka wa 1904, Henry akiwa bado mwanafunzi wa miaka 15, aliona shaka. Ng'ombe na nguruwe hawali uzuri, alifikiri. Wala mkulima hauzi mistari iliyonyooka, huuza magunia. Profesa hakukasirika, bali alimpa mahindi 33, yaliyosifiwa na yasiyosifiwa, akayapande na kujionea mwenyewe.

Baba yake akamkatia kipande cha shamba. Kijana akapanda punje za kila hindi mahali pake, akapalilia, akavuna, akapima. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Mahindi yaliyopewa sifa hayakuwa ndiyo yenye mavuno makubwa, na lile lililohesabiwa zuri kuliko yote likaangukia katika kundi la nyuma. Tangu siku ile, Wallace akawa na kanuni moja: usilipime hindi mezani, lipime shambani.

Kwa kanuni hii, mwaka wa 1920 alishiriki kuanzisha katika Iowa mashindano ya namna mpya. Kila mwenye mbegu ailete, zipandwe zote katika ardhi moja chini ya jicho la watu wasio na upande, kisha mzani uamue. Hapo maneno matamu ya muuzaji hayakuwa na kazi.

Wakati huohuo wataalamu wa Marekani, akina George Shull, Edward East na Donald Jones, walikuwa wamegundua jambo la ajabu. Hindi, ukilizuia lisichanganyike na wenzake kwa vizazi kadhaa, likajizalia lenyewe kwa lenyewe, hudhoofika mpaka ukalionea huruma. Lakini ukichukua ukoo mmoja dhaifu ukauchanganya na ukoo mwingine dhaifu, mtoto huzaliwa na nguvu zinazowapita wazazi wote wawili. Huyo ndiye chotara. Kazi yake ni ya mkono: mistari ya mimea iliyochaguliwa kuwa mama hukatwa mbelewele, yaani ua la dume lililo kileleni, ili ipate mbegu ya kiume kutoka mistari ya jirani tu.

Wallace akaishughulikia elimu hiyo katika bustani yake. Mwaka wa 1924 chotara wake aitwaye Copper Cross akatwaa medali ya dhahabu katika mashindano yale ya mzani, na mbegu yake kidogo iliyopatikana ikauzwa dola moja kwa ratili, bei iliyokuwa kubwa sana siku zile. Mwaka wa 1926 akaunda kampuni, Hi-Bred Corn Company, ambayo baadaye iliongezewa jina la Pioneer. Mtaji ulikuwa mdogo. Sehemu yake ilitoka katika urithi wa mkewe, Bibi Ilo, na nyingine kwa marafiki wachache.

Tusimame hapa kidogo, tujiweke mahali pa marafiki wale. Walikuwa na maswali gani ya kuuliza kabla ya kutoa fedha? La kwanza, je, kitu chenyewe kinafanya kazi, na nani amethibitisha asiyekuwa mwenye kukiuza? Jibu lilikuwa medali ile ya mzani. La pili, kikifanya kazi katika bustani, kitafanya kazi katika mashamba elfu? Hili lilikuwa gumu, maana koo dhaifu huzaa mbegu chache. Donald Jones ndiye aliyefungua fundo kwa kuchanganya machotara wawili, mbegu ikapatikana kwa wingi. La tatu, jirani atashindwa vipi kuiga? Hapa palikuwa na kufuli ya maumbile: mkulima akiitunza mbegu ya chotara na kuipanda tena, nguvu zake hupungua, basi hana budi kurudi dukani kila mwaka. Koo za wazazi zilibaki mikononi mwa kampuni. La nne, fedha itasubiri muda gani? Mbegu haiharakishwi, mwaka una msimu mmoja, na kila kosa hugharimu mwaka mzima. Asiye na subira na aweke fedha yake mahali pengine.

Swali la tano ndilo zito: mnunuzi ataamini? Mkulima aliyezoea kupanda mbegu ya nyumbani kwake bila kulipa, kwa nini atoe fedha? Jambo hili lilitatuliwa na Roswell Garst, aliyeingia katika biashara ya mbegu hizo mwaka wa 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Yeye alimpa mkulima mbegu bila malipo, akamwambia aipande ubavuni mwa mbegu yake ya kawaida. Wakati wa mavuno wapime zote mbili, na ziada ikipatikana wagawane nusu kwa nusu. Wasomaji waliosoma fikihi watakumbuka mudharaba, ambamo mmoja hutoa mali na mwingine hutoa jasho, na wote wawili hushirikiana katika faida. Sisemi kuwa ni jambo moja, hukumu nawaachia masheikh. Nasema tu kuwa muuzaji aliyekubali kulipwa kutokana na ziada alikuwa amejifunga mwenyewe kwenye ukweli wa mbegu yake. Baada ya msimu mmoja wakulima wengi waliona nafuu kulipa fedha taslimu kuliko kumgawia Garst nusu ya ziada.

Kisha ukaja ukame wa 1934 na wa 1936. Mahindi ya kawaida yakalala chini, ya chotara yakasimama. Mwaka wa 1933 mahindi chotara hayakufikia hata sehemu moja kwa mia ya mahindi ya Marekani. Baada ya miaka kumi hivi, katika Iowa ilikuwa taabu kuona shamba lisilokuwa nayo. Kampuni ile ya marafiki wachache iliuzwa kwa DuPont kwa mafungu mawili, mwaka wa 1997 na 1999, kwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 9.

Wallace mwenyewe alikwisha kuingia katika siasa. Akawa Waziri wa Kilimo mwaka wa 1933 chini ya Rais Roosevelt, na Makamu wa Rais kuanzia 1941 hadi 1945. Mwishoni mwa mwaka wa 1940 alikwenda Mexico, akaona wakulima wakitoka jasho kwa mavuno haba. Aliporudi aliwashauri wakuu wa wakfu wa Rockefeller wasaidie. Nao hawakufungua mfuko papo hapo. Mwaka wa 1941 waliwatuma kwanza wataalamu watatu, wakaizunguka nchi ile wakitazama udongo, mimea na wakulima, ndipo kazi ikaanza mwaka wa 1943. Kutokana na kazi hiyo zilikusanywa na kutunzwa mbegu za mahindi ya Amerika ya Kusini na ya Kati.

Sasa turudi Kitale. Mwaka wa 1955 mtaalamu Michael Harrison alianza kazi ya kuzalisha mahindi bora katika kituo cha utafiti cha huko, na mwaka uliofuata walowezi wakaunda Kenya Seed Company, kwanza kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho. Mwaka wa 1959 Harrison alisafiri Amerika kwa msaada wa wakfu uleule wa Rockefeller, akarudi na mbegu kadhaa. Mojawapo, iitwayo Ecuador 573, ilipochanganywa na mbegu ya Kitale ilizaa chotara aliyeizidi mbegu ya Kitale kwa mavuno kiasi cha 40 kwa mia. Akapewa jina la H611, akatolewa kwa wakulima mwaka wa 1964, Kenya ikiwa na uhuru wa mwaka mmoja tu.

Hapa wapimaji walikosea hesabu, lakini kwa heri. Mteja waliyemtazamia alikuwa mkulima mkubwa mwenye trekta. Mkulima mdogo wa Bungoma mwenye jembe na ekari chache hakuwekwa sana mzanini. Kumbe yeye ndiye aliyeipokea mbegu hiyo kwa kasi iliyolingana na ile ya wakulima wa Marekani, au kuipita, akiinunua katika duka la jirani yake. Alikuwa ameona shamba la mwenzake, na kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Ni kweli pia kwamba alijifunga na duka kila mwaka, na mbegu nyingi za asili zikapotea. Gharama hiyo nayo yafaa iandikwe katika daftari.

Nilisema kuwa Wallace alilisahau onyo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa Waziri. Alivutwa na Nicholas Roerich, mchoraji wa Kirusi mwenye ndevu ndefu na maneno ya siri za roho, akampa safari ya serikali kwenda Asia mwaka wa 1934 kutafuta majani yanayostahimili ukame. Wataalamu waliopelekwa naye wakalalamika, fitina zikazuka, na mwaka uliofuata Wallace akaivunja safari. Barua alizomwandikia mtu huyo zilikuja kutangazwa magazetini mwaka wa 1948, alipokuwa akigombea urais, akachekwa nchi nzima.

Mara ya pili ni mwaka wa 1944, alipozuru Siberia. Wenyeji wake walimwonyesha Magadan, mji wa migodi ya dhahabu iliyochimbwa na wafungwa. Minara ya walinzi ilikuwa imeondolewa na wafungwa wamefichwa. Akaonyeshwa nyuso zenye afya na bustani za mboga, akasifu. Yale yalikuwa maonyesho ya mahindi mezani, naye mtu wa shamba akayaamini kwa macho. Lakini tumpe haki yake: mwaka wa 1952 alikiri hadharani kuwa alidanganyika. Wakubwa wanaokiri makosa yao kwa maandishi ni wachache.

Miaka yake ya mwisho aliitumia katika shamba lake New York, akizalisha kuku na stroberi, mpaka alipokufa tarehe 18 Novemba, 1965. Wakati huo, huko Kitale na Bungoma, H611 alikuwa ndiyo kwanza amepata msimu wa pili.

Leo hapana mbegu mpya ya mahindi inayoruhusiwa kuuzwa Kenya kabla ya kupandwa ubavuni mwa nyingine na kupimwa katika majaribio yanayosimamiwa na KEPHIS. Kwa mbegu, basi, kanuni ya kijana yule imekwisha kuwa sheria. Kwa mambo mengine tumeachiwa wenyewe. Akikujia mtu na uvumbuzi, usimdharau kwa kuwa koti lake limechakaa, wala usimwamini kwa kuwa ulimi wake ni mwepesi. Mwombe shamba, mwombe mzani, mwombe shahidi asiye na fungu katika faida, kisha mpe muda wa msimu. Na wewe mwenye mtaji uliyefanikiwa mara moja, jihadhari zaidi, kwani aliyekuwa bingwa wa kuyapima mahindi hakusalimika alipoacha kupima watu.